Dobi wa Sura ya Tisa

9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine mpelekee Mama sasa hivi, kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, utasahau. Sisi huku tunapumua. Mapacha wameng'oka meno ya mbele siku moja kama watu waliopatana, na sasa wakicheka nikiwa nawakaripia, karipio lote linaniishia mdomoni. Shemeji yako yuko safarini na lori lake, atarudi wiki ijayo na vumbi na njaa.

Sasa sikia. Kiwandani wameanzisha kundi la kusoma vitabu. Usicheke. Meneja wetu wa wafanyakazi, yule tunayemwita Mama Ratiba kwa kuwa hata kikohozi chake kimepangiwa saa, amechagua watu saba kutoka idara zote. Tunapewa kitabu cha mambo ya uongozi, tunakwenda kukisoma nyumbani, kisha Jumatano moja baada ya kazi tunakaa kantini kukijadili. Anasema viongozi wa kesho watatoka humo. Katika kitengo chetu cha kujaza makopo nimechaguliwa mimi peke yangu. Mimi, Dada, ninayenuka rangi hadi kwenye nywele.

Unajua tatizo langu. Nikifungua kitabu, ukurasa wa tatu nimeshalala. Wewe ndiye uliyekuwa unasoma hata magazeti yaliyofungiwa sabuni, mimi nakaa pembeni nangoja umalize unisimulie. Kwa hiyo kitabu chenyewe nimekifunga humu ndani ya kifurushi. Kisome, uniandikie kinasema nini, na mtu mwenye akili angesema nini juu yake. Mengine niachie mimi. Kusema ninajua.

Mapacha wanamsalimu mama mkubwa wao.

Mdogo wako,
Chiriku

24 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Mama nimempa shikamoo yake, sikusahau. Goti linamsumbua asubuhi tu. Ikifika saa nne limepona na anazunguka nyumba za jirani kutangaza kwamba mwanawe amefanywa meneja. Nilimwambia ni kundi la kusoma vitabu. Akaniuliza kwa nini mimi kila kitu chako napenda kukipunguza.

Hongera. Nimeliandika neno hilo kwa moyo mmoja, na kama halionekani hivyo, laumu mwandiko.

Kitabu nimekisoma mara mbili. Nilikisomea kazini kwenye meza ya kukunjia, mashuka yakiwa ndani ya kikaushio, na wenzangu wa kufulia wakasema nimeanza kusomea udaktari. Kina maneno mengi ya upepo, lakini sura ya nne ina kitu. Nimepiga mistari kwa penseli pale panapofaa. Maelezo yako ni kurasa nne, zimo ndani ya jalada. Usiyaseme kama kasuku. Pumua katikati, tazama watu.

Nami nina langu. Msimamizi wetu hapa hospitali anastaafu mwezi wa sita. Nafasi imetangazwa, na nimeandika barua ya maombi. Miaka kumi na tisa niko huku chini kwenye mvuke, nazijua mashine zote kwa kikohozi chake kila moja. Ninachoogopa ni usaili. Unanijua, mbele ya watu watatu sauti inakauka. Kile cheti alichopewa huyo msimamizi bado kinaning'inia kwenye korido, nakipita na toroli kila asubuhi. Achana na hilo.

Usimwambie Mama kuhusu maombi.

Dada yako

2 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nimekawia kukuandikia, nakiri. Pacha mmoja alipata tetekuwanga, akapona, akamwachia mwenzake. Shemeji yako alikuwepo siku mbili akakimbia.

Dada, kantini nzima ilinyamaza. Nilisema lile lako, kwamba mtu anayepiga kelele ili asikilizwe ameshakiri kuwa hana la kusema. Nikapumua katikati kama ulivyoniagiza. Fundi mitambo, ambaye hajawahi kunisalimia tangu niajiriwe, aliweka kikombe chini. Mama Ratiba alivua miwani, akaniuliza, "Hilo umelitoa wapi?" Halafu akaniandika kwenye daftari lake, na yeye daftarini haandiki mtu bure.

Tangu siku hiyo wananipisha kwenye foleni ya chai. Nachekea mkononi.

Nakutumia kitabu cha pili. Hiki kinene. Fanya kama ulivyofanya kile, na ukipata mfano mmoja wa kuchekesha uutie, wanapenda kucheka kabla ya kuguswa.

Chiriku

19 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Poleni na tetekuwanga. Mama anasema msiwaache wakajikuna, na anasema pia nikwambie kwamba yeye alijua tangu ukiwa tumboni.

Barua yako nilimsomea jioni ile ile, nikiruka panaponitaja mimi, kwa kuwa macho yake hayapendi tena mwandiko wako. Pale kantini iliponyamaza alinirudisha nisome tena. Kisha akamwita jirani, nikasoma mara ya tatu. Hebu fikiria, Chiriku: nimekaa kwenye kigoda, namsomea mama yangu kwa sauti jinsi watu walivyomshangilia mdogo wangu kwa maneno niliyoyaandika mimi. Jirani akanigeukia, akasema, "Na wewe ujifunze kwa mwenzako." Nikaikunja barua.

Kuna kitu kimoja hukukiandika. Mama Ratiba alikuuliza umelitoa wapi. Ulimjibu nini?

Kitabu cha pili hicho, na maelezo kurasa sita. Mfano wa kuchekesha uko ukurasa wa tano. Usaili wangu ni tarehe 2 Julai.

Dada yako

11 Juni

Dada yangu,

Shikamoo na salamu tele. Huku kuko shwari. Mapacha meno yameanza kuota, kila mmoja anadai lake ndilo refu.

Sijui nianzie wapi. Mfano wako uliwavunja mbavu, halafu pale mwisho mama mmoja wa stoo akafuta machozi. Jarida la kiwanda likaja kunipiga picha nimeshika kitabu, wakaandika chini, "Msomaji wetu." Nimekufungia nakala, nyingine ni ya Mama. Ile rangi kwenye shavu langu ni ya buluu, nambari kumi na nne, haikutoka.

Na sasa subiri. Mama Ratiba ametangaza kwamba mwisho wa Septemba watachagua msimamizi wa zamu ya pili, na atatoka ndani ya kundi letu. Fundi mitambo anaitaka. Mimi naitaka kuliko yeye. Miaka minane nafunga vifuniko, Dada. Nataka siku moja niwe mtu ambaye akiingia mahali watu wanamngoja aseme.

Barua ni fupi, zamu inaanza. Nikutakie heri kwenye usaili wako.

Chiriku

30 Julai

Chiriku,

Sisi ni wazima. Mama ameitia picha yako kwenye fremu, ameitundika juu ya meza ya kulia. Kwa hiyo sasa nakula nikiwa nakutazama, asubuhi na jioni, na buluu yako nambari kumi na nne.

Kazi sikuipata. Walikuwa wanne nyuma ya meza. Waliniuliza ningefanya nini kuboresha idara. Nilisema "mashuka," nikasema tena "mashuka," nikanyamaza. Mmoja akaniuliza kama nimewahi kuhudhuria mafunzo yoyote ya uongozi. Wamempa kijana kutoka nje mwenye vyeti vya semina kumi na mbili. Huku chini tumeshampa jina, Bwana Semina. Siku yake ya kwanza aliniomba nimwoneshe mashine inawashwaje.

Nitasema ya moyoni, maana nikiyaweka yananiharibia usingizi. Nakuonea wivu. Nimeandika na sifuti. Nakuonea wivu ukipishwa kwenye foleni ya chai. Nakuonea wivu kwa ulimi wako, ambao tangu utotoni ulikuwa unaomba maandazi mawili wakati mimi bado natafuta namna ya kuomba moja. Wale watu saba wanakaa kantini kusikiliza akili yangu, na mimi wanne sikuweza kuwapa hata sentensi.

Na swali langu la Aprili hukulijibu. Nimeona.

Dada yako

18 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Pole sana. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za kiwanda, nikaketi, na king'ora kilipolia nikachelewa kuingia. Hao wanne hawana macho. Sijui niseme nini zaidi, na wewe ndiye mwenye kujua maneno.

Usinipigie simu kwa sasa. Imetumbukia kwenye kopo la rangi nyeupe, lita ishirini, na lile kopo limeshakwenda kwa mteja. Ukutani kwa mtu kuna simu yangu. Ya shemeji yako anazunguka nayo barabarani. Barua ndiyo njia.

Dada, najua huu si wakati wa kukuomba. Naomba hivyo hivyo. Kitabu cha tatu kimeandikwa na rubani mstaafu, anaeleza alivyoongoza watu angani na chini. Kwa kuwa ni kinene mno, Mama Ratiba ametugawia, kila mtu sura yake ya kuieleza mbele ya wenzake. Mimi nimepewa sura ya tisa. Kikao ni Jumatano tarehe 24 Septemba, na wakubwa wawili kutoka makao makuu watakuja kukaa nyuma kutusikiliza. Baada ya hapo wanachagua.

Ndiyo ya mwisho hii. Nikishapata, sitakusumbua tena.

Mapacha wanauliza mama mkubwa atakuja lini.

Chiriku

10 Septemba

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba, marahaba sana. Mama hajambo, goti limepona kabisa, anakuombea kila saa. Mimi pia sijambo. Yale ya Julai yasahau, nilikuwa nimechoka.

Sura ya tisa ni nzuri kuliko zote. Nimekufupishia ili usipate shida hata ya kukifungua kitabu. Mambo ya mafuta na hali ya hewa unaweza kuyaruka. Moyo wa sura ni kisa hiki, ukisimulie polepole:

Rubani anakumbuka mama mmoja dobi aliyekuwa akifua vitambaa vya viti vya ndege. Mama huyu aliona kwamba kila wiki kitambaa kimoja kinarudi kimechanika mahali pale pale, na pembeni pana tone dogo la damu. Akajua kuna chuma kimetokeza kwenye kiti, kinachoma watu, na watu wanaona haya kusema. Akamwambia mkubwa wake. Mkubwa akanyamaza, akaenda kuyasema kwa wakubwa wenzake kama yake. Chuma kikaondolewa, mkubwa akapewa cheti mbele ya wafanyakazi wote, na rubani mwenyewe alikuwa mmoja wa waliopiga makofi. Miaka mingi baadaye ndipo alipojua. Anasema: "Nilipiga makofi, sikuuliza nani aliona kwanza. Kiongozi ni yule anayeuliza nani aliona kwanza, kisha anashuka ngazi kwenda kumtafuta."

Malizia hapo. Usiongeze neno. Nakutakia kila la heri mbele ya hao wakubwa.

Dada yako akupendaye

21 Septemba

Chiriku,

Sina salamu. Usikisome kile kisa.

Hakimo kitabuni. Sura ya tisa yote ni mafuta na hali ya hewa. Hakuna dobi, hakuna kitambaa, hakuna cheti. Nimekitunga mimi ili usimame mbele ya wakubwa wako, wafungue kitabu, wasikione, na wewe usiwe na la kusema. Nilitaka sauti ikukauke hata mara moja, ujue inavyokuwa.

Nilipokwisha kufunga kifurushi nilijisikia vizuri siku mbili. Siku ya tatu Mama alikuwa anaipangusa picha yako kwa ncha ya kanga yake, anaitemea mate kidogo ile rangi ya shavuni akidhani ni uchafu wa kioo. Nikatoka nje.

Nimempa barua hii kondakta wa basi la alfajiri, ameapa itafika kiwandani Jumanne. Ndani nimeandika maelezo ya kweli ya sura ya tisa, kurasa tatu. Hayachangamshi, lakini yamo. Sema hayo. Tafadhali.

Dada yako

2 Novemba

Dada,

Shikamoo. Wiki tano na nusu sijaandika. Nilikuwa naanza, nachana. Mapacha wazima. Shemeji yako mzima.

Barua yako ya basi ilifika Ijumaa, siku mbili baada ya kikao. Kondakta alipitiliza nayo akairudisha. Lakini haingebadilisha kitu, na nitakwambia kwa nini, maana wewe umesema ya kwako na mimi nimebaki na yangu.

Nilijua. Kitabu kiliporudi kutoka kwako nilikisoma, sura ya tisa nzima, Jumapili nikiwa nafua. Tangu kile cha kwanza nimekuwa nasoma kila kinaporudi. Mwanzo nilikuwa nafuata penseli yako tu, kutoka mstari hadi mstari, kujua macho yako yalisimama wapi. Kitabu cha pili nilisoma na palipo katikati ya mistari. Sikukwambia, kwa sababu ukijua nimeweza ungeacha kuniandikia zile kurasa, na mimi zile kurasa nazipenda kuliko vitabu vyenyewe. Ukitaka kujua wivu, ndio huo. Tangu utotoni wewe ulikuwa na mahali pa kwenda bila kutoka chumbani, na mimi nimekaa mlangoni nangoja unisimulie.

Kwa hiyo nilitafuta dobi kwenye sura ya tisa, sikumwona. Na penseli haikuwepo hata mahali pamoja. Nikaelewa umenitegea. Dada, nilikasirika hadi nikaziacha nguo ndani ya beseni. Nikaamua nitakisema kile kisa hivyo hivyo, neno kwa neno, wanikamate, nikuandikie: haya, umefurahi?

Nikasimama. Wakubwa wawili nyuma, Mama Ratiba mbele. Nikasimulia polepole. Nilipofika kwenye tone la damu nikasita, kwa sababu hapo ndipo nilipolitambua. Mashuka ya wodi ya mifupa. Vitanda vilivyokuwa vinachoma wagonjwa. Miaka kumi na moja iliyopita nilikuja nyumbani, ukanieleza jambo hilo umesimama mlangoni, ndiyo kwanza umetoka kazini, na jinsi msimamizi alivyolifanya lake. Na mimi nilikuwa najaribu viatu vya harusi yangu. Nilikwambia, "Dada, hebu niangalie kwanza kisigino." Ukainama ukaniangalia kisigino.

Nilimaliza kwa shida. Watu walidhani ni ufundi wa kusema.

Hakuna aliyenikamata. Fundi mitambo alisema kisa hicho kilimgusa sana alipokisoma. Wa stoo akasema na yeye. Mkubwa mmoja wa makao makuu akasema amekuwa akikitumia kwenye mikutano yake kwa miaka. Mama Ratiba akasema hiyo ndiyo sehemu aliyoipigia mstari. Kitabu chake kilikuwa mezani mbele yake, Dada, kurasa bado zimeshikana kama zilivyotoka dukani.

Nikapewa usimamizi. Nikaupokea. Siku ya pili wakachapa kisa chako kwa herufi kubwa, wakakibandika kwenye ubao wa matangazo, chini yake jina la rubani.

Swali lako la Aprili. Aliponiuliza nimelitoa wapi, nilijibu kwamba nililifikiria mwenyewe nikiwa nakunja nguo. Hata meza yako ya kukunjia nilikuibia.

Nilipita mbele ya ubao ule siku ishirini na moja. Kila nikipita nakuona na toroli lako chini ya cheti. Siku ya ishirini na mbili nilichukua kalamu nene ya kuandikia makopo, nikalifuta jina la rubani, nikaandika: "Dada yangu, dobi wa hospitali. Aliona kwanza." Zamu nzima ilinitazama.

Mama Ratiba aliniita. Nilimweleza yote, vitabu vyote vitatu. Alilifunga daftari lake, jambo ambalo halikuwa kwenye ratiba. Kisha akauliza, "Huyo dada yako, amekisoma kitabu chote?"

Nikasema, "Mara mbili."

Akasema, "Basi ni yeye peke yake."

Kazi sijanyang'anywa, wala sijathibitishwa. Nimo kwenye majaribio ya miezi mitatu, na kundi limesimamishwa hadi hapo litakapotangazwa tena. Karatasi ya ubaoni nimeibandua, hii hapa nakutumia. Kona moja imeingia rangi.

Bado nina hasira na wewe. Naomba radhi pia. Sijui kipi kitangulie, kwa hiyo nimeviandika pamoja.

Chiriku

23 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama hajambo. Goti limerudi, ameacha kuzunguka, kwa hiyo mtaa umepumzika. Barua yako sikumsomea. Ni ya kwanza niliyomnyima Mama yote; nyingine nilikuwa naruka mistari tu. Aliniuliza inasema nini, nikamwambia inasema mapacha wazima.

Niliisoma mara nne. Pale kwenye viatu nilisimama. Nilidhani umesahau, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikikuchukia kidogo kidogo kwa kusahau. Naomba radhi kwa mtego. Sina namna ya kuipamba radhi hiyo.

Karatasi niliipeleka kazini ndani ya mfuko wa vibanio vya nguo. Nilitaka kuitazama wakati wa chai tu. Lakini toroli lilipofika kwenye korido, chini ya cheti, nilisimama. Msumari wa pili upo pale, mtupu, ulikuwa wa kalenda. Nikaitoboa karatasi, nikaitundika, nikaendelea na mashuka yangu.

Saa tano Bwana Semina alishuka nayo mkononi. Tulikuwa sita kwenye meza ya kukunjia. Aliisoma kwa sauti, yote, hadi mwandiko wako. Kisha akauliza, bila ukali, huyu dobi ni nani.

Watu sita, Chiriku, na yeye wa saba. Sauti ilianza kukauka kama kawaida yake. Nikatazama ile kona yenye rangi. Nikasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenzangu aliyeshika ncha ya pili ya shuka alisema tu kwamba ni kweli, na yeye alikuwepo. Bwana Semina akauliza ni vitanda vipi. Nikamweleza. Nilieleza sentensi kama kumi, nilizihesabu baadaye nikiwa nyumbani. Akavuta ndoo akaikalia, akauliza ni nini kingine tumekiona huku chini ambacho hakuna aliyetuuliza. Alikaa hadi kikaushio cha tatu kikazima chenyewe. Sijui atafanya nini na aliyoyasikia. Cheti bado kiko ukutani, na karatasi yangu ameirudisha kwenye msumari wake kwa mkono wake.

Usidhani wivu umeisha. Jana nimekula chini ya picha yako na ukanikera vilevile. Ila nimechoka kukuonea wivu kwa maneno yangu mwenyewe. Nataka nikuonee kwa ya kwako.

Kwa hiyo tafuta kitabu chochote, hata kisiwe cha uongozi. Safari hii soma wewe kwanza. Piga mistari kwa penseli pale macho yako yatakaposimama, kisha nitumie, nami nitafuata.

Dada yako